Magoti Nyuma ya Kaunta

Kaunta ya duka letu la kijiji ilijengwa na fundi mrefu, na sidhani kama aliwahi kufikiri kwamba nyuma yake angesimama mtu asiye na urefu wake. Mimi ilinifika kifuani. Mzee akiingia, nilipiga magoti kumwamkia, kama binti yeyote wa Kihaya alivyofunzwa nyumbani. Shida ni kwamba nikipiga magoti nilitoweka. Mzee alisikia sauti ikimwamkia kutoka chini, akatazama rafu za sabuni, akatazama mlangoni, kisha akauliza kwa Kihaya cha heshima, "Waitu, duka hili lina mtu?"

Leo nacheka. Wakati ule sikucheka, maana nusura magoti hayo yaninyime kazi.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, mkoa wetu bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Vijiji vilihimizwa kuwa na maduka yao wenyewe, na wauzaji walitafutwa. Nilikuwa nimemaliza shule, na kwetu Kaagya shangazi zangu walikwisha kuanza kunitafutia mume. Niliitaka kazi ya duka kuliko kitu kingine chochote. Nikapelekwa Bukoba mjini kujifunza kwenye ghala moja karibu na gati, chini ya mjane mmoja Mlutheri wa Kanazi aliyekuwa msimamizi wake. Sote tulimwita Mama.

Mama alianza maisha ya biashara akifagia duka la Mhindi mmoja pale mjini, kabla ya Uhuru, na yote aliyoyajua aliyapata kwa kutazama. Basi na mimi alinifundisha kutazama. Alinipeleka gatini meli ya Mwanza ikishusha mizigo, akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona sukari.

"Na ambacho hukukiona?"

Nikageuka kuitazama mizigo upya.

"Mafuta ya taa hayakuja. Basi yale tuliyo nayo unaanza leo kuyatoa kidogo kidogo. Usingoje mtu aje kukuambia yamekwisha."

Alinifundisha kuweka magunia ya zamani mbele na mapya nyuma, kutenga sabuni na unga, na kuagiza majembe mapema, kwa sababu mvua zikianza barabara ya Muleba inageuka uji na lori halifiki. Nikikosea hakunifokea. Alifungua pindo la kanga yake, akanipa kahawa ya kutafuna, tukatafuna wote, halafu akanifanyisha kazi ile ile upya. Nilimpenda sana mama yule.

Kijiji kimoja cha Muleba kilipoomba muuzaji, alinitaja mimi. Kamati ya duka ilitaka mwanamume. Mama akawaambia wanijaribu kwanza, na nikishindwa lawama waiweke kwake. Nilikuwa nyuma ya magunia nikiyasikia yote. Nilikwenda Muleba nimebeba jina lake pamoja na la kwangu, na la kwake ndilo lililokuwa zito.

Mizigo haikunisumbua. Kilichonishinda ni salamu. Siku ya sukari watu walipanga foleni hadi ndani ya migomba. Kila mzee zamu yake ilipofika, nilipiga magoti, nikamwamkia, naye akaniuliza habari za baba, za mama, za kibanja chetu cha migomba, nami nikajibu kutoka huko chini. Foleni ilisimama palepale. Mara nainuka, nakuta mkono wa mtu umo ndani ya gunia. Nyuma wakaanza kunung'unika kwamba binti huyu hawajui kama anauza sukari au anasali.

Nikaona isiwe taabu. Siku iliyofuata niliamkia watu nikiwa nimesimama wima. Bibi mmoja mwenye fimbo, na ulimi mkali kuliko hiyo fimbo, alikwisha kupokea sabuni yake. Akairudisha juu ya kaunta.

"Bojo, tafadhali, mimi sinunui kwa mtoto anayeniamkia kama askari."

Akaondoka, na wengine wakamfuata.

Mwenyekiti wa kamati alikuja kuzungumza nami. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinichoma zaidi. "Binti yangu," akasema, "ukipiga magoti, duka halina mtu. Usipopiga, duka halina watu. Sioni kosa lako, lakini naona itabidi tutafute mwanamume." Kamati ingekuja kuamua siku ya mgao mwingine wa sukari.

Nikamtuma dereva wa lori kwa Mama, amwambie kwamba nimemwangusha. Lori liliporudi na sukari, mbele kwa dereva alikuwa ameketi Mama mwenyewe, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Hakuniuliza lolote. Alisimama mbele ya kaunta kama mnunuzi, akasema, "Haya, niamkie."

Nikapiga magoti. Kisha nikasikia kicheko. Alicheka mpaka akapangusa machozi kwa kanga, na mimi kule chini nilikuwa nalia kweli. Akazunguka, akapiga magoti kando yangu palepale sakafuni, tukawa wanawake wawili ambao hakuna aliyeweza kutuona.

"Sasa huku unamwamkia nani, mwanangu?" akasema. "Salamu zipeleke walipo watu. Yule Mhindi wangu hakungoja ndani. Asubuhi alikaa barazani na waliowahi, wakaongea. Alipofungua kufuli alikuwa anajua kila mtu amefuata nini."

Asubuhi ya mgao nilitandika mkeka nje, mlango ukiwa bado umefungwa. Nilikwenda kwa mmoja mmoja kwenye foleni, nikapiga magoti, nikaulizwa ya kwetu, nami nikauliza ya kwao. Aliyenijibu kwamba mkwe wake amejifungua, nilijua atataka sabuni. Aliyenieleza habari za kuezeka, nilijua atauliza misumari. Yule bibi wa fimbo nilimwamkia muda mrefu kuliko wote. Halafu nikaingia ndani, nikafungua, na foleni ikaanza kutembea kama maji. Kamati ilikuwa imeketi kwenye benchi ikitazama, isipokuwa mwenyekiti, ambaye alikuwa amechelewa.

Akatokea mlangoni katikati ya mauzo. Mzee, tena ndiye mwenye kauli juu yangu. Magoti yangu yalikwisha kuanza kujikunja yenyewe. Mama, aliyekuwa kwenye magunia, hakunitazama hata kidogo. Kabla sijashuka, fimbo ikagonga sakafu.

"Waitu, salamu zimekwisha kupita," bibi akamwambia. "Kesho uwahi kama sisi."

Duka zima likaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, akaenda kusimama mwisho wa foleni. Zamu yake ilipofika alinunua chumvi, akaniambia nianze kuagiza majembe. Ndivyo nilivyoambiwa kwamba kazi ni yangu.

Nilikaa Muleba miaka mingi, kisha nikarudishwa Bukoba kusimamia ghala lile lile la karibu na gati. Nilifundisha wauzaji wengi vijana. Salamu nje, niliwaambia, na ukishaingia nyuma ya kaunta hutoki kwa ajili ya mtu yeyote.

Siku moja, katika miaka ya uhaba, nilikuwa nikigawa sukari mwenyewe kwenye kaunta ya ghala, vijana wangu wakinisaidia. Nikainua macho nikamwona Mama. Alikwisha kustaafu na kurudi Kanazi, mgongo umepinda, na alikuwa amejipanga mwisho kabisa kama mtu yeyote, baada ya salamu kupita.

Nikaliweka chini kopo la kupimia. Nikazunguka kaunta, nikapita foleni nzima, nikapiga magoti kwenye saruji mbele yake.

"Nilikufundisha nini?" akaninong'oneza. "Inuka. Watu wanangoja."

"Wangoje, Mama."

Akaweka mkono kichwani pangu. Akaitikia polepole, akaniuliza habari za mume, za watoto, za kibanja, moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja, nami nikajibu zote. Foleni yote ikangoja, na hakuna aliyenung'unika.