Nyinyoro za Shangazi Lea

Shangazi yangu Lea alikuwa mtu wa wivu. Ndugu zangu wakiulizwa habari zake husema alikuwa mcha Mungu na mpenda maua, na yote mawili ni kweli, lakini nani asiyejua hapa Shighatini kwamba wivu ndio uliomtoa kitandani kila asubuhi? Mimi sioni haja ya kumpamba.

Hakuzaa. Mume wake, Hezroni, hakumrudisha kwao wala hakuoa mke wa pili, na watu walimsifu mno kwa hilo, tena mbele ya mke mwenyewe, kana kwamba hana masikio. Wenzake walipeleka watoto kanisani kubatizwa. Yeye alipeleka maua.

Yalikuwa nyinyoro nyeupe. Mke wa mmisionari alimpa vitunguu vyake, naye akavipanda kando ya mfereji unaoshuka kutoka kwenye ndiva, bwawa la ukoo wetu. Kila Pasaka alizikata, kisha aling'oa kwa kucha vile vijiti vya katikati vyenye vumbi la njano, maana vumbi hilo likidondoka kwenye kitambaa cha altare halitoki hata ukisugua kwa majivu. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. Mama yangu, ambaye ni wifi yake, aliwahi kusogeza chombo kimoja kidogo tu upande wa kushoto, wakakaa bila kusalimiana mpaka mahindi yakavunwa.

Kisha ikaja vita. Waingereza wakawachukua wamisionari wa Kijerumani, na ufunguo wa kanisa ukabaki kwa mwinjilisti wetu, Fanueli. Fanueli alikuwa ameoa Nenkai, binti wa wafugaji wa tambarare, upande wa Kwakoa, msichana mrefu aliyebatizwa juzi tu na tayari ana mtoto mgongoni. Shangazi alimchukia tangu siku ya kwanza, kabla hajakosewa lolote. Nenkai alipoinama na kumwambia, "Shikamoo, mama," shangazi alimtazama kwanza yule mtoto alivyonona, na marahaba ikachelewa kutoka.

"Watoto wa maziwa ya ng'ombe hao," alimwambia mama yangu walipofika njiani. "Wananenepa kama magunia, akili hakuna."

Mwaka huo Pasaka iliwahi na mvua ikachelewa. Mfereji ulikauka, nyinyoro zikabaki zimefumba, vichwa vya kijani vimesimama tu. Shangazi alizimwagia maji ya mtungi, akazibembeleza, akazitukana. Hazikufumbuka. Jumapili ya Matawi wazee wa kanisa walikaa baada ya ibada, na mzee Sefania, ambaye hakuwahi kujua lini anyamaze, akasema, "Basi safari hii mke wa mwinjilisti atutafutie maua."

"Atayatoa wapi?" shangazi akauliza. "Zizini?"

Nenkai alishuka kwao, akarudi Ijumaa Kuu na mzigo wa matawi ya kichaka cha tambarare: majani mapana, manene, ya kijivu, na mashada ya maua meupe yenye ncha za zambarau. Ni kichaka ambacho hata mbuzi wenye njaa hukipita, nacho huchanua wakati jua limeshamaliza kila kitu kingine. Aliyaweka kwenye ndoo ya maji nyuma ya kanisa, akawaambia wanawake waliokuja kufagia, "Msishike, mama zangu. Maziwa yake mabaya. Mimi nitakata, kwa kisu."

Shangazi alisikia vizuri kabisa. Lakini yeye alikuwa amewakataza watu miaka yote kugusa maua yake kwa majivuno matupu, basi akaamini kwamba na huyu anajivuna. Na palepale mwanamke mmoja akasema, "Afadhali haya, hayana vumbi la njano." Wengine wakacheka kidogo. Shangazi aliweka ufagio chini akaenda nyumbani.

Jumamosi mchana, watu wakiwa majikoni, alirudi peke yake. Alikusudia kuondoa mashada mazuri tu, yabaki yale ya kuchekesha. Alianza kunyofoa kwa kucha kama alivyozoea kwa nyinyoro zake, na alipoanza hakuweza kuacha. Utomvu mweupe ulimtiririka vidoleni, ukamjaa viganjani. Aliwaza kwamba hiki tu ndicho alichokuwa nacho, na sasa kimechukuliwa na mtu mwenye kila kitu. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mikono ileile.

Nenkai alisikia mayowe akiwa kwenye njia ya kisimani. Alimkuta shangazi amepiga magoti katikati ya maua yake yaliyotapakaa, macho yamevimba, hayaoni. Alimwosha kwa maji ya ndoo ya kichwani, kisha akaketi chini, akamshusha mtoto mgongoni, akamlaza shangazi kichwa mapajani, akafungua kifua na kumkamulia maziwa machoni.

"Tulia, mama. Kwetu tunafanya hivi, swila akimtemea mtu sumu machoni."

Haya nimeyapata kwa shangazi mwenyewe, uzeeni, na ndiyo sababu nayaamini. Alisema maziwa yalikuwa ya moto, na uchungu ulipungua taratibu. Mtoto, aliyewekwa kwenye nyasi pembeni, alianza kulia kwa njaa.

"Mtoto wako anataka," shangazi akasema.

"Atapata. Yapo mengi."

Neno hilo lilimwingia, ingawa Nenkai hakulisema kwa ubaya. Baada ya muda shangazi alijaribu kufumbua jicho moja. Aliona ukungu, kisha ukuta wa kanisa, kisha uso wa yule msichana umeinama juu yake bila hasira yoyote. Tangu mama yake afe, hakuna mtu aliyewahi kumwinamia hivyo. Mtoto alikuwa anatambaa kuja kwao, analia, anamvuta mama yake nguo. Shangazi alimtazama yule mtoto kwa wivu ambao, aliniambia, hakuwahi kuuona hata kwa ajili ya maua.

Akafumba jicho upesi.

"Bado yanachoma," akasema. "Endelea."