Kidonda Cheusi cha Ng'ombe Wetu

Wapendwa wa Bulengera, mimi ni Masika, nimetoka Kamango. Kabla ya ugonjwa nililima kakao yangu, nikachunga ng'ombe wetu, na hospitali niliijua kwa kuzaa tu.

Ng'ombe mmoja alianguka ghafla, damu ikamtoka puani. Mume wangu, Kambale, hakutaka nyama ipotee. Nikamchuna mimi, nikiwa na mkwaruzo wa panga mkononi.

Siku chache baadaye kipele kilitokea pale pale. Kiliwasha, kikajaa maji, kikapasuka, katikati pakawa peusi kabisa. Ajabu, hakikuuma! Lakini mkono ulivimba hadi begani, na homa ikanitetemesha.

Mama mkwe akasema, "Hii ni sumu. Kuko mutu anakuchukia."

Kambale hakubishana naye. Alinipandisha pikipiki hadi hospitali ya Beni.

Daktari alitazama kidonda, akauliza, "Mama, ulishika nyama ya ng'ombe yenye ilikufa yenyewe?"

"Ndiyo, docta."

"Basi hii ni charbon."

"Docta, miye hapana choma makala!" nikasema, maana charbon kwa Kifaransa ni makaa.

Akacheka. "Ni jina ya ugonjwa, banaita pia kimeta. Kadudu yake kako sawa fimbo, na kana famille kubwa. Bandugu yake mingi banaishi mu udongo bila neno. Kamoja kanaharibisha muchele yenye ilipikwa jana, munatapika. Lakini haka kanauwa. Kakikosa chakula kanajifungia mu ganda nguvu, kanalala miaka mingi, jua hapana kauwa. Lakini mu mwili, dawa inakaweza."

Kisha akauliza, "Na ngozi iko wapi?"

Kambale akashika kichwa. "Mama yangu analalia ile ngozi."

Alirudi Kamango mbio. Ngozi akaichoma, kisha akamleta mama yake Beni, naye ana kipele shingoni. Wote waliokula ile nyama wakapewa vidonge.

Mimi na mama mkwe tulilazwa vitanda jirani, tukichomwa sindano pamoja. Homa yangu ilipokatika, mama mkwe alinigeukia. "Masika, adui yetu alikuwa chini ya mugongo yangu," akasema. Naye alipona.

Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari wa Beni. Mnyama akifa ghafla, msimpasue. Damu yake ikipata hewa, ndipo kale kadudu kanapojivika ganda. Mwiteni veterineri, daktari wa mifugo. Na mkiona kidonda cheusi kisichouma, msitafute mchawi, tafuteni pikipiki.

Kovu ni hili. Sogeeni mliguse, haliambukizi mtu.