Kompyuta ya Marehemu

Mdogo wake marehemu mume wangu alifika kutoka Katana asubuhi, matanga yakiwa yamekwisha juzijuzi tu. Akaketi kwenye kiti cha kaka yake. Chai niliyomwekea hakuigusa.

"Familia imenituma nikamate mashini ya yaya," alisema, akimaanisha kaka yake mkubwa, huku akiielekezea kidole kompyuta iliyokuwa mezani.

Nilimwambia kwamba naitumia kutayarisha masomo ya wanafunzi wangu, na kwamba tuliinunua pamoja.

"Pamoja na nani? Ile ni ya yaya."

Akaifungua mwenyewe, akabonyeza kitufe. Taa ndogo ikawaka, ikazima. Akabonyeza tena. Ikawa vilevile.

"Ulisikia niko nakuya, ukaiharibisha makusudi."

"Jana jioni niliandika mitihani humu ndani."

"Basi iwashe."

Ningeiacha hivyo angerudi mikono mitupu. Nililijua hilo. Lakini kwenye matanga ndugu zake walikwisha kusema kwamba nimeficha suti za mume wangu, na sasa neno lile, makusudi, lilinichoma.

Nilichomeka taa ya mezani kwenye umeme uleule; ikawaka. Nikatoa betri, nikabonyeza kitufe kwa muda mrefu, nikajaribu chaja peke yake. Bado.

"Endelea kujifanya, shemeji," alisema.

Nikachukua bisibisi, nikaifungua upande wa chini. Mume wangu aliwahi kunionyesha: unyevunyevu wa mvua ukizidi, unatoa kile kipande chembamba cha kumbukumbu ya kompyuta ambacho mafundi wanakiita bareti, unasugua meno yake kwa kifutio cha shule, unakirudisha. Shemeji alisimama juu ya kichwa changu nikiyasugua.

"Sasa ndiyo unaiua kabisa."

"Ondoka kwenye mwanga," nilimwambia. Akasogea.

Nilipobonyeza tena, feni ilivuma na kioo kikawaka. Mume wangu akatokea humo, amevaa shati la bluu, ziwa likiwa nyuma yake, ananicheka mimi niliyekuwa nampiga picha. Tulimtazama wote wawili. Nilingoja shemeji aseme neno, lolote. Akanyoosha mkono kuchomoa chaja.

"Ngoja kwanza nitoe picha na masomo yangu."

"Picha ya yaya ni ya familia."

Nikaenda kusimama mlangoni. "Basi hutoki nayo humu."

Alinipima kwa macho, kisha akaketi. Nilinakili kila kitu kwenye flashi bila haraka, yeye akisonya juu ya simu yake. Nilipomaliza, aliifunga kompyuta ndani ya koti lake kwa sababu ya mvua, akashuka ngazi bila kuaga.

Siku hizi naandika masomo kwa mkono, halafu nayachapa kwenye mashini ya mwenzangu shuleni. Tukikutana na shemeji kwenye harusi za familia, anasalimia mstari mzima wa viti. Akinikaribia, mimi natafuta kitu ndani ya sakoshi yangu mpaka apite.