Majina Yaliyobaki Nje ya Barua

Siku ile tulikuwapo hawa: bibi mwenye kaya, mke mwenzake, aliyekuwa anapepeta mtama, shemeji yao kipofu, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, mkaza mwana wa bibi, mke wa mwanawe mdogo, na mtoto wake mchanga ambaye alikuwa hajaota jino, mjukuu wa bibi, msichana wa miaka minne hivi, jirani aliyekuja kuomba moto akakaa mpaka ukamzimikia mkononi, wadogo zangu wawili, wa kike na wa kiume, na mimi mwenye kalamu. Watu kumi. Bibi alitaka tumhesabu pia maksai mweupe mwenye pembe iliyopinda, kwa kuwa mwanawe, yule tuliyekuwa tukimwandikia barua, ndiye aliyemlea tangu ndama.

Mhariri mmoja wa mjini alinirudishia karatasi iliyoanza namna hii. "Mama," aliniambia, "umejaza watu mlangoni. Msomaji atapita wapi?" Nikamwambia apite akiwasalimia. Hakuichapa. Wahariri wengine baada yake wamekata ukurasa wangu wa kwanza bila hata kuniuliza, nami nimezoea, maana nimeishi kwa kalamu miaka mingi na kukatwa ni sehemu ya kazi. Lakini kila nikianza kuandika huanza kwa kuhesabu waliokuwapo, na sababu yake ni barua moja.

Ilikuwa Didia, kijijini kwetu, wakati wa Waingereza. Mimi niliacha shule ya misheni nikiwa darasa la nne, wiki ile ile tuliyomzika mama. Baba alikuwa ametangulia. Wadogo zangu walikuwa wawili na mimi ndiye mkubwa, basi hapakuwa na la kujadili. Mwalimu alinipa kalamu ya kuchovya na pakiti ya wino wa unga, akasema nisiache mkono ukauka. Sikuuacha. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa wamekwenda Geita kuchimba dhahabu ili wapate kodi ya kichwa, na wake zao na mama zao walitaka kusema nao. Katekista alijua kuandika, lakini kuna mambo mwanamke hawezi kumwambia katekista. Wakaja kwangu. Barua moja ilikuwa kibaba cha mtama, au michembe, yaani viazi vilivyokatwa na kukaushwa, au maziwa kwenye kibuyu. Wadogo zangu walikula barua za watu mpaka wakakua.

Bibi huyu alikuwa jirani yetu. Mwanawe wa kwanza alifiwa na mke siku mtoto wao alipozaliwa, akamwacha yule binti kwa bibi akaenda Geita. Hakuwa amemwona tangu anatambaa. Kila mwaka bibi alimtumia barua, na barua zake zilikuwa za namna moja: kwanza salamu za kila aliyekuwapo, mmoja mmoja kwa jina lake, kisha habari kidogo, kisha basi. Hata kichanga alitoa salamu. Hata kipofu, aliyekuwa hasemi na mtu siku hiyo kwa sababu ya ugomvi wa tumbaku.

"Mayu," nilimwambia siku ile, kama tunavyowaita mama zetu, "karatasi ni moja. Majina yataila yote."

"Iliwe," akasema. "Karatasi imekuja kufanya nini?"

Mke mwenzake akacheka. "Karani wetu anaona uchungu wa karatasi kama ni ngozi yake."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na shuleni nilisifiwa kwa insha. Tangu niache shule sikuwa nimeandika insha hata moja. Nilikuwa naandika majina ya watu na magonjwa ya ng'ombe. Na mwaka ule mvua ilikuja Didia kwa namna ambayo sijaiona tena. Nikaandika: wote hapa wanakusalimu. Maneno matatu. Kisha nikaimwaga mvua karatasini: jinsi ilivyotoka upande wa magharibi kama kundi la ng'ombe weusi wanaorudi bila mchungaji, jinsi majaruba yalivyojaa kabla ya saa sita, jinsi udongo mweusi wa mbugani ulivyonuka. Niliandika mpaka pembeni.

"Soma," bibi akasema.

Basi nikafanya jambo ambalo linaniwasha uso hata leo. Nikaitazama karatasi, nikasoma majina. Yote kumi, kwa mpangilio aliotaka, na maksai juu yake. Hayakuwapo. Nilipotaja jina la mjukuu, yule mtoto alipiga makofi na kuuliza kama baba atalisikia. "Atalisikia," nikasema.

"Wabeja, mwanangu," bibi akanishukuru, na akanipa kibaba kilichojaa kupita kawaida.

Barua ikaondoka na msafiri. Wiki zikapita. Tulikuwa tumeanza kuvuna mtama, jua la saa nne, mwanamume mmoja akasimama nje ya ua wa minyaa asiingie. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upara, kama cha mtu aliyefiwa. Bibi alimtambua kabla yetu sote, akaacha ungo ukaanguka.

"Mwangaluka, mayu," mwanawe akamwamkia.

"Mwangaluka. Umefiwa na nani?"

"Nimekuja kuwauliza ninyi."

Hakuna aliyemwelewa. Alikuwa ametembea siku saba, vumbi limempanda mpaka magotini, na alituangalia mmoja mmoja kama mtu anayehesabu mifugo iliyorudi. Ndipo binti yake akatoka nyuma ya ghala la mtama akiwa na kipande cha kiazi mdomoni. Alimwona mgeni, akakimbilia nguo ya bibi yake akajificha. Yule mwanamume akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama, akaushika mchanga kwa viganja vyote viwili. Sijawahi kuona mtu akikaa chini namna ile.

Alipopata maji alitueleza. Kambini palikuwa na mzee wa kuwasomea watu barua. Alipofika kwenye maneno "wote hapa wanakusalimu", yeye alimsimamisha akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia ageuze karatasi aangalie nyuma. Kisha akaichukua mwenyewe, asiyejua hata herufi moja, akaishika mbele ya jua atafute majina. Kwetu kifo hakiandikwi kwenye barua. Kifo huletwa na mtu kwa miguu yake. Barua hutaja walio hai, na asiyetajwa ndiye wa kuulizwa. Mama yake hakuwahi kuacha majina. Kama leo ameyaacha, basi kuna jina ambalo mdomo wake umeshindwa kulipita, naye ameyafunika mengine yote ili hilo lisionekane. Jina gani? Alijua jina gani. Mkewe alikufa akimzaa; mtoto naye hakuwa na nguvu sana. Asubuhi alinyoa nywele, akaondoka bila ruhusa ya msimamizi wake. Nafasi yake mgodini ilikuwa imekwisha.

Aliifungua nguo iliyofungwa kiunoni, akatoa barua yangu, akampa mama yake. Bibi akanipa mimi.

"Soma kama ulivyonisomea."

Nikaishika. Mkono wangu ndio ulioiandika, lakini niliitazama kama kitu kilichotoka mbinguni. Karatasi ile, nyepesi kuliko ganda la kitunguu, ilimnyoa mtu mzima nywele. Ilimtoa shimoni Geita, ikamvusha maji, ikamtembeza siku saba. Na haikufanya hivyo kwa nilichoandika. Pale pa majina mimi niliona sikuandika kitu. Yeye pale ndipo alipoona kaburi.

"Majina hayamo," nikasema. "Nilisoma kwa kichwa."

Kipofu akacheka kwenye kinu chake. "Kumbe! Mwaka mzima mnanicheka kwamba sioni. Mlikuwa mnasomewa karatasi tupu na macho yenu mawili mawili!"

"Nyamaza wewe," mke mwenza akamwambia, naye mwenyewe akashindwa kujizuia kucheka. Bibi hakucheka.

"Nilikuwa nakuamini mdomo na mkono pamoja," akasema. "Sasa niamini kipi?"

Niliwaza wadogo zangu, na kwamba kufikia jioni habari itakuwa kila kaya, na hakuna atakayeleta tena kibaba. Nilimwambia yule mwanamume anitoze anachotaka. Tulikuwa na mbuzi mmoja.

Alikuwa amempakata binti yake kwa nguvu, maana binti alikuwa bado anamwogopa. "Mbuzi atanisomea nini?" akasema. Kisha akaongeza: "Mvua yako niliisikia, karani. Mle shimoni hakuna mvua wala jua. Mzee yule aliposoma habari ya udongo, nilinusa mbuga ya kwetu, nakuapia, mpaka aliye kando yangu akasema naye ameinusa. Ndipo nikaogopa zaidi. Nikasema, anayeandika mvua nzuri hivi anaficha nini?"

Nimepata sifa kadhaa maishani. Hakuna iliyonitetemesha kama ile, na hakuna iliyoniaibisha kama ile. Watu huniuliza kwa nini nilishikilia kazi hii isiyoshibisha. Huwa nawaza watu wawili gizani Geita wakinusa udongo wa Didia, na yule mmoja akinyoa nywele asubuhi yake.

"Nikuandikie upya sasa hivi," nikasema. "Majina yote."

"Sasa ya nini? Ninawaona. Utaniandikia nikiwa mbali. Majina yale ni deni lako kwangu; usimpe mtu mwingine kabla yangu."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Hiyo ndiyo ikawa hukumu, ndiyo maana hapa nimewahesabu watu bila majina yao, na kwa sababu bibi aliikubali, kaya nyingine nazo zilirudi kwangu, ila tangu hapo waliniletea mtoto yeyote wa shule asome nyuma yangu. Sikukasirika. Bado namtafuta mtu wa kusoma nyuma yangu kabla sijapeleka kitu kwa mhariri.

Mavuno yalipokwisha aliondoka tena, safari hii kuelekea njia ya Biharamulo, alikosikia kuna wanaochimba. Alisema atatuma anwani. Msafiri mmoja alisema alimwona Buseresere akiwa mzima, nywele zimeota. Anwani haikuja. Kila baada ya mavuno bibi aliniita, tukakaa mahali pale pale, nikaandika majina, mtoto wa shule akayasoma kwa sauti, tukaikunja karatasi na kuiweka tukisubiri.

Kisha kipofu akafa, nikaandika upya bila yeye, maana barua ni ya walio hai. Kisha mke mwenza. Kisha jirani wa moto. Maksai aliuzwa. Mwaka aliofariki bibi mwenyewe sikuweza kushika kalamu; mwaka uliofuata niliandika, na karatasi ikabaki na nafasi kubwa nyeupe chini. Ningeweza kuijaza mvua. Niliiacha hivyo.

Yule mjukuu wake sasa ni mama wa watoto. Huja kwangu mtama ukishavunwa, huketi, hunipa shikamoo, nami huitikia marahaba, kisha huuliza, "Karani, anwani imefika?"

"Bado, mwanangu."

"Basi tuandike tulio hapa."

Huanza na jina lake mwenyewe.