Sanduku la Herman

Jumapili hii kwaya ya Endagikot imeimba bila kinanda, na kila ubeti ulipoisha tulisikia upepo tu ukipita juu ya mabati. Kinanda kiliharibika wiki mbili zilizopita, na mpigaji wake, Herman Akonaay, aliapa kwamba kitafika kwa fundi Arusha bila mkwaruzo.

Herman ni seremala wa majeneza. Alipotaka sanduku imara la kukisafirishia, mikono yake ilitengeneza kile inachokijua. Akalijaza makapi ya maharage, akakilaza kinanda ndani, akalifikisha ofisi ya basi Mbulu mjini.

Judith, karani wa mizigo, alisimama mara moja. "Shikamoo baba. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Si msiba, ni kinanda. Naomba mkikatie bima."

"Vitu vya kuvunjika hatuvikatii bima, baba. Na kitakaa chini ya magunia ya vitunguu."

Lakini nje abiria walikwisha kuliona sanduku, wakavua kofia. Wanaume sita walilibeba taratibu, wakaliweka peke yake. Hakuna gunia lililolisogelea.

"Alikuwa nani wako?" mama mmoja aliuliza, machozi yakimtoka.

"Tumeimba pamoja miaka kumi na miwili," Herman alijibu, na hakusema uongo.

Judith akamnong'oneza, "Baba, msiba hausafiri bila mfiwa."

Herman akakata tiketi. Kinanda kilifika kizima. Yeye bado yuko Arusha, analala kwa fundi, anasubiri spea.