Siku Kompyuta Yangu Ilipomtukana Mwenyekiti

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa kuongeza chumvi: ni kweli, mimi Nafula ndiye niliyefanya mwenyekiti wa chama cha wapangaji aitwe kichwa cha mbuzi mbele ya mtaa mzima, Jumamosi saa nne asubuhi, na aliyemwita hivyo ni mashine niliyoifundisha kwa mikono yangu. Aibu niliyoipata siku hiyo sijapata kuiona tena, lakini wanaotaka nijute kila kitu, hapo tutakosana.

Mtaa wetu sitautaja, uko tu hapo chini ukitoka Soko la Burma. Miaka ile ya tisini inaishaishia, chama chetu kilikuwa na madaftari ya mikutano tangu enzi za wazazi wetu, na ndani mliandikwa nani alipewa nyumba gani na lini. Sasa wajane walikuwa wakienda ofisini mjini wanaambiwa, "Mume wako hatumjui, leta karatasi," na karatasi yenyewe iko kwenye daftari moja kati ya sitini, limeliwa na mende. Basi mimi na Mama Awino, katibu wetu, tukakaa miezi minane kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi tukipiga chapa yale madaftari yote kwenye kompyuta kuukuu ambayo Kimani (fundi wa redio wa Kariobangi, rafiki yangu wa tangu shule) aliiunganisha kutoka kwa maiti za kompyuta tatu. Juu yake nikaweka programu ya kutafuta, niliyoinakili chuoni: unaandika jina, inakuonyesha kila ukurasa lilipo.

Shida ilikuwa kuiwasha. Stima ilikuwa inapotea kila siku (mnakumbuka), na ikirudi, ile programu haiamki yenyewe, mpaka uandike mstari mrefu wa Kiingereza wenye vistari na nukta, na ukikosea kistari kimoja inakujibu kwa Kiingereza kingine kibaya zaidi. Mama Awino alikuwa ameunakili ule mstari kwenye kipande cha katoni, na bado kila mara ananitumia mtu, "Nafula njoo, imekasirika tena." Nikaona huu ni ujinga. Nikaandika faili moja ndogo ya kuwashia, nikaiita amka. Unaandika amka, basi, inakusalimia kwa Kiswahili, inakuuliza kama ianze kazi, unajibu ndiyo au hapana, yale mengine yote inajifanyia. Mama Awino alipoijaribu mara ya kwanza alipiga makofi peke yake.

Ningeishia hapo sasa hivi ningekuwa shujaa.

Lakini Kimani alikuja kuijaribu, akawa anaandika upuuzi makusudi aone itafanyaje, nami nikasema, kumbe, ngoja nikuonyeshe. Nikaiambia ihesabu makosa. Kosa la kwanza: "Samahani, sijaelewa." La pili: "Tafadhali soma polepole." La tatu: "Kwani darasa la kwanza ulipita kweli?" La nne: "Kichwa cha mbuzi wewe! Ita mtu aliyesoma."

Kimani alicheka mpaka akalala sakafuni. "Manze Nafula, hiyo usitoe!"

"Nitatoa kesho," nikasema. Na kesho nilikuwa na mtihani wa chuo, na kesho yake nikasahau.

Sasa ile Jumamosi ukumbi ulijaa kwa sababu tulikuwa tunapiga kura kuhusu chumba cha nyuma, kiwe cha kumbukumbu zetu au kiwe stoo ya viti vya harusi, kama alivyotaka Mwenyekiti (mzee aliyekuwa msimamizi kiwandani, sauti kama ya mtu anayeshindana na mashine). Tulikuwa tumeileta kompyuta mbele, juu ya meza, na kabla hatujaanza stima ikapotea, ikarudi. Mama Awino akainuka kwenda kuiwasha.

"Keti, mama," akasema Mwenyekiti. "Si mmesema ni rahisi? Nitaiwasha mimi, watu waone."

Mimi nilikuwa mlangoni nyuma kabisa, na hata sikushtuka, kwa sababu nilijua amka ni rahisi kweli. Akaandika amka kwa kidole kimoja. Na kwa vile kioo ni kidogo na watu hawaoni, akawa anawasomea kwa sauti.

"'Habari yako, rafiki. Nianze kazi? Andika ndiyo au hapana.' Haya, naandika ndio."

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Kwa sababu mimi, msomi, nilikuwa nimeifundisha neno moja tu, ndiyo lenye y, na Mwenyekiti, kama nusu ya Wakenya, anaandika ndio bila y.

"'Samahani, sijaelewa.' Haijaelewa. Naandika tena."

"'Tafadhali soma polepole.' Ah! Mimi nasoma polepole!"

Nikaanza kusukumana na watu. "Mwenyekiti, ngoja!" Akadhani namhimiza. Akaandika kwa herufi kubwa, akabonyeza kwa nguvu.

"'Kwani darasa la kwanza ulipita...'"

Watu wakaanza kukohoa. Mimi naruka mabenchi, sketi ikashikwa na msumari, nikasikia ikipasuka, sikusimama, napiga kelele, "Mzee, usisome! Usisome!" Na mtu ukimwambia asisome atafanya nini? Akaandika tena, akainua sauti zaidi.

"'Kichwa cha mbuzi wewe! Ita mtu aliyesoma.'"

Ukumbi ulilipuka. Mimi nikafika mbele na, kwa akili zangu zote, nikang'oa waya wa stima.

"Anaficha ushahidi!" mtu akapiga kelele. "Washa! Washa tuone!"

Nikawasha. Sasa kompyuta ile ukiizima ghafla lazima ijikague kwanza, na kujikagua kwake ni robo saa nzima, nami nimesimama hapo mbele ya watu mia, nimeshika sketi kwa nyuma, Mwenyekiti ananitazama bila kupepesa. Hatimaye ikaamka, Mama Awino maskini akaandika amka kwa mazoea, na akasoma, eti kwa sauti, "Habari yako, rafiki." Watu wakaanguka upya kwa kicheko.

"Nani ameandika haya?" Mwenyekiti akauliza.

"Ni mimi."

"Uombe msamaha, na hiki kitu kitoke hapa leo."

"Kwa matusi naomba msamaha, mzee, mbele ya hawa wote. Na kukukatalia neno lako pia ni kosa langu, umeandika kama watu wanavyoandika. Lakini kitoke kwa nini? Kimefanya kazi kama nilivyokiambia. Niondoe mimi, kiache chenyewe."

Hapo akasimama Mama Njeri, mjane muuza mboga, mtu asiyeongea mikutanoni.

"Mimi hizo ofisi za mjini zimenitukana miaka minne kwa Kiingereza, na sikujua hata nimeitwa nani," akasema. "Hii angalau nimeisikia. Hebu nitafutie Mwangi wangu."

Mama Awino akaandika jina. Ukurasa ukatokea: jina la marehemu, namba ya nyumba, sahihi tatu. Printa ikaanza kulia kama cherehani, na Mama Njeri akaipokea ile karatasi kwa mikono miwili, akatoka nayo bila hata kungoja kura.

Chumba tulikipata, tukiwazidi kwa mikono michache tu. Mwenyekiti hakunisalimia mpaka tulipohama mtaa ule, na wachoma nyama wa Burma waliniuliza mwaka mzima kama nataka kichwa au miguu. Wiki iliyofuata kamati ikaniletea barua, eti kwa ajili ya heshima mashine irudishwe kwenye Kiingereza. Matusi nilikuwa nimeshayafuta siku ileile, na ndio isiyo na y ikaingia, na eeh, na sawa, na hata ee bwana. Nimeapa sitaandika tena ndani ya mashine neno ambalo siwezi kumwambia mtu usoni, na kitu cha kuondoa kesho nakiondoa sasa hivi. Lakini ile barua niliwarudishia bila jibu, na Mama Awino akaendelea kuiamsha kwa Kiswahili kila stima iliporudi.