Mtutu wa Chini Hutangulia

Mlinzi wa benki hapa Kibondo akipangusa bunduki yake, harufu ya mafuta hunirudisha uani kwetu. Bunduki ya baba ilikuwa na mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu: wa kulia, uliotangulia kufyatuka, ulikuwa wa risasi ya nyati, wa kushoto wa kanga. Iliharibika, akaazima ya mjomba, ambayo mitutu yake ilipandana.

“Shemeji, hii hutangulia wa chini,” mjomba alimwambia.

“Nilianza kuwinda wewe unanyonya,” baba akacheka, akatia ya nyati juu.

Jioni walimrejesha kwenye machela ya mianzi.

“Ya kanga ndiyo iliyotoka kwanza,” mjomba alisema. “Nyati hakumpa nafasi ya pili.”

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akabandika maji ya kuoshea maiti.